Viwanja vya Konza: mnunuzi kutoka Uganda ananunua nini hasa?

Matangazo ya viwanja vinavyosemwa kuwa "karibu na Konza" yamekuwa yakisambaa nchini Kenya kwa zaidi ya miaka kumi, na simu za mkononi huyavusha mpaka wa Busia na Malaba bila kuulizwa pasipoti. Maneno yake hayabadiliki sana. Kiwanja ni cha futi 50 kwa 100, hati miliki iko tayari, mawe ya mipaka yameshafukiwa, malipo yanaweza kufanywa kwa awamu, na mji wa kisasa wa teknolojia unajengwa hapo jirani. Kwa mtu wa Uganda aliyejiwekea akiba kwa miaka mingi, ambaye pengine ana shemeji au binamu upande wa Kenya, tangazo la namna hii huonekana kama bahati isiyostahili kucheleweshwa.

Neno linalobeba uzito wote katika tangazo hilo ni "karibu". Ardhi iliyo ndani ya mji wa Konza ni ya umma, na haikatwi viwanja vya kuuziwa mtu mmoja mmoja. Inayouzwa ni ardhi ya watu binafsi, vyama na makampuni iliyo nje ya mji, na thamani yake inategemea mambo ambayo muuzaji hana mamlaka nayo. Kwa mnunuzi asiye raia wa Kenya kuna jambo zito zaidi: sehemu kubwa ya ardhi hiyo kisheria bado ni ya kilimo, na sheria ya Kenya haikubali ardhi ya kilimo ihamishiwe kwa mgeni, hata mgeni huyo akiwa jirani wa Afrika Mashariki.

Mji ulioanza na ranchi

Konza iko takriban kilomita 60 kusini-mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ile ile inayopitisha shehena nyingi za Uganda kutoka bandarini. Jina lenyewe ni la zamani. Reli iliyojengwa na Waingereza kuelekea Uganda ilikuwa na kituo hapo, na ndipo lilipochepukia tawi la kwenda Ziwa Magadi. Kwa vizazi kadhaa, aliyetaja Konza alikuwa akizungumzia nyanda kavu za malisho, upepo na ng'ombe.

Hali ilibadilika serikali ilipoiingiza Konza katika Ruwaza ya 2030, mpango mkuu wa maendeleo wa Kenya. Mwaka 2009 ilinunua ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Mwaka 2012 iliunda mamlaka maalumu ya kuusimamia mji huo, na mwezi Januari 2013 Rais Mwai Kibaki, akiwa amebakiza miezi michache madarakani, aliuzindua ujenzi wake. Gharama iliyotajwa siku hizo ilikuwa dola bilioni 14.5. Ilitumainiwa kwamba zingepatikana ajira zaidi ya 20,000 za teknolojia ifikapo 2015, na zaidi ya 200,000 ifikapo 2030.

Mwaka 2015 ulipita Konza ikiwa ingali na nyasi nyingi kuliko majengo. Tangu wakati huo kazi imeonekana. Awamu ya kwanza, yenye ukubwa wa takriban ekari 400, imekuwa ikiwekewa barabara, mabomba ya maji na ya majitaka, na nyaya za chini ya ardhi na kampuni ya ujenzi kutoka Italia, kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 40 za Kenya. Kituo cha taifa cha kuhifadhi data kimejengwa. Korea Kusini imetoa mkopo kwa ajili ya chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Maji ya kuutosheleza mji utakapokua yanatarajiwa kutoka bwawa la Thwake katika kaunti ya Makueni, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 na ambalo tarehe ya kukamilika kwake imesogezwa mbele mara kadhaa.

Konza, basi, ni mradi wa kweli, lakini unakwenda kwa mwendo wa bajeti za serikali na mikopo ya nje. Anayenunua kiwanja jirani yake anaifunga akiba yake kwenye mwendo huo, apende asipende.

Miduara mitatu ya ardhi

Ardhi inayotajwa kwa jina la Konza inaweza kugawanywa katika miduara mitatu, na kila mmoja una masharti yake.

Mduara wa ndani ni zile ekari 5,000. Hapa mamlaka ya mji hupangisha maeneo kwa muda mrefu kwa taasisi na wawekezaji wanaowasilisha mradi unaolingana na ramani ya mji, na wanaoweza kuonyesha kwamba wana fedha za kuujenga. Mtu anayetaka kiwanja cha nyumba ya familia, au cha kuweka tu asubiri bei ipande, hana nafasi katika foleni hiyo. Dalali anayedai kuuza umiliki wa kudumu ndani ya Konza anauza kitu asicho nacho, na mazungumzo yanaweza kukomea hapo.

Mduara wa pili ni eneo la kinga. Serikali ilitangaza ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka mji, unaogusa kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado, kwa nia ya kuzuia makazi ya kiholela yasiuzingire mji mpya kabla haujasimama. Wenye ardhi humo wanaendelea kuwa wenye ardhi, lakini ugawaji na ujenzi unapaswa kufuata mpango wa matumizi uliowekwa kwa ajili ya ukanda huo. Wenyeji wengi hawakufurahia. Walikuwa wakisikia kwamba mji umewaletea neema, kisha wakaambiwa wasifanye watakavyo katika mashamba yao. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kiwanja kinaweza kuwa na hati safi na bado kisiruhusiwe kujengwa kile alichokusudia. Swali la matumizi hujibiwa na ofisi ya mipango ya kaunti. Hati miliki hailijibu.

Mduara wa tatu hauna mpaka. Ni popote ambapo mwandishi wa tangazo ameona jina la Konza litasaidia kuuza: kuelekea mji wa Machakos, kuingia Kajiado, au kushuka na barabara kuu hadi upande wa Sultan Hamud. Umbali katika matangazo hayo hupimwa kwa dakika, na dakika hizo ni za gari zuri katika siku isiyo na mvua.

Bei iliyokwisha kuila kesho

Wauzaji husema kwamba ardhi haiozi, na msemo huo una ukweli wake. Hata hivyo, bei ya ardhi jirani na mji uliotangazwa haisubiri mji ujengwe. Hupanda siku ya tangazo, hupanda tena siku ya jiwe la msingi, na kufikia wakati kiwanja kinamfikia mtu wa Kampala au Mbale kupitia ujumbe wa simu, sehemu ya faida ya mji ujao imeshachukuliwa na waliotangulia. Mnunuzi wa mwisho analipia mji ambao haujajengwa bado. Ukijengwa upesi, atakuwa hakukosea. Ukichelewa kwa miaka kumi, fedha zake zimelala kwa miaka kumi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiwanja kikiongezeka thamani maradufu kwa miaka 10, mwenye nacho hujiona ameshinda, lakini ongezeko hilo ni sawa na takriban asilimia 7 kwa mwaka. Hati fungani za muda mrefu za serikali ya Uganda zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mwenye nazo hahitaji kuajiri mtu wa kufyeka majani wala kulinda mawe ya mipaka. Isitoshe, kiwanja kimenunuliwa kwa shilingi ya Kenya. Mwanzoni mwa 2013 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 87 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikarudi hadi karibu 130 kabla ya mwaka kwisha. Aliyenunua wakati wa uzinduzi wa Konza alihitaji bei ya kiwanja ipande kwa takriban nusu ili tu abaki alipokuwa akihesabu kwa dola.

Tena kuna suala la kuuza. Ranchi moja ikikatwa vipande vya futi 50 kwa 100, hutoa viwanja maelfu vinavyofanana. Mwenye kiwanja kimoja anapotaka kuuza kwa haraka, labda kwa ajili ya matibabu au karo, hujikuta akishindana na majirani asiowajua pamoja na kampuni iliyomuuzia, ambayo bado ina viwanja vingine na bado inakubali malipo ya awamu.

Mpaka ambao soko la pamoja halikuufuta

Wengi huamini kwamba uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umewapa raia wake haki ya kununua ardhi popote ndani ya jumuiya. Itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Mganda anapovuka Malaba anaweza kufanya kazi na kufungua biashara chini ya masharti ya itifaki hiyo, lakini mbele ya sheria ya ardhi ya Kenya yeye ni mgeni kama mgeni mwingine.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Mkataba wowote unaojaribu kumpa zaidi ya hapo husomwa kana kwamba umempa miaka 99 na si zaidi. Jambo hili halipaswi kumshangaza msomaji wa Uganda, kwani katiba ya Uganda nayo humruhusu mgeni kupata ukodishaji peke yake. Mkenya hawezi kujinunulia mailo Buganda na kuimiliki milele.

Kikwazo kikubwa zaidi ni sheria ya udhibiti wa ardhi. Mauzo, uhamisho, hata ukodishaji wa ardhi ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa na sheria hiyo huhitaji ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo husika, na bodi imeagizwa kuikataa iwapo anayepokea ardhi si raia wa Kenya. Anayeweza kutoa msamaha ni rais wa nchi. Bila ridhaa au msamaha, mapatano ni batili. Mashamba yanayozunguka Konza yalikuwa ranchi, na kipande kilichokatwa kutoka kwenye ranchi hakiachi kuwa ardhi ya kilimo kwa sababu tu kimewekewa mawe ya mipaka na kupewa namba. Ni lazima matumizi yake yabadilishwe rasmi.

Madalali wanaijua sheria hii, na wana njia mbili wanazozipendekeza. Ya kwanza ni kuunda kampuni ya Kenya. Katiba imeshaiziba: kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Ya pili, inayotumika zaidi kwa watu wa mipakani, ni kuiandikisha ardhi kwa jina la ndugu Mkenya kwa makubaliano ya kifamilia kwamba mwenye mali ni yule aliyetoa fedha. Katiba imeigusa hiyo pia, kwa kuwa mali inayoshikwa kwa amana huhesabiwa kuwa ya raia iwapo tu wanufaika wake wote ni raia. Kwa lugha ya rejista, kiwanja ni cha binamu. Binamu akikiweka rehani benki, benki inamtambua yeye. Akifariki, warithi wake ni mke na watoto wake. Mganda aliyetuma fedha kidogo kidogo kwa miaka mitano atabaki na risiti za simu, na jamaa ambao hawasalimiani tena.

Sheria hiyo hiyo inampa mlipaji faraja moja: fedha zilizolipwa kwa mapatano yaliyobatilika zinaweza kudaiwa kama deni. Lakini deni hilo hudaiwa kwa mtu aliyekwisha kuzitumia, katika mahakama ya nchi nyingine.

Hati nzuri, mizizi mibovu

Barabara hiyo hiyo ya Mombasa, upande wa Nairobi kabla ya kufika Konza, ina mfano ambao Wakenya hawajausahau. Mwezi Oktoba 2023, huko Mavoko katika kaunti ya Machakos, matingatinga yalibomoa nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement, yenye ukubwa wa zaidi ya ekari 4,000, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni. Miongoni mwa waliobomolewa walikuwamo watu walionunua viwanja kwa fedha zao kutoka kwa waliojitambulisha kuwa wenye ardhi. Walikuwa na makaratasi, na wengine walikuwa wameshajenga nyumba za ghorofa. Makaratasi hayakusimamisha tingatinga.

Aprili mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imetoa uamuzi kuhusu kiwanja cha ufukweni Mombasa, katika kesi iliyowakutanisha kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti. Kampuni ilidai kwamba ilinunua kwa nia njema, na hati ilikuwa nayo. Mahakama ilisema kwamba ardhi iligawiwa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo, ilhali ilikuwa ya umma, na kwamba mnunuzi wa baadaye hawezi kupata haki ambayo aliyemtangulia hakuwa nayo. Tangu uamuzi huo, kuiona hati hakutoshi. Mnunuzi hutakiwa kujua hati hiyo ilizaliwaje, ilitoka kwa nani kwenda kwa nani, na kama hatua ya kwanza kabisa ilikuwa halali.

Katika nyanda za Konza swali hilo lina sura ya pekee, kwa sababu ya historia ya ranchi. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya eneo hilo yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wenyeji, na kila mwanachama alipewa hisa. Hisa ziliweza kurithiwa, kugawanywa na kuuzwa kabla ardhi haijapimwa. Ndiyo maana hadi leo mnunuzi anaweza kuonyeshwa cheti cha hisa, au barua ya kugawiwa kiwanja, akaambiwa kwamba "hati inakuja". Cheti cha hisa ni ushahidi kwamba mtu ni mwanachama wa kampuni. Hakisemi ni kipande gani cha ardhi ni chake, na hakimzuii mwanachama mwingine kuonyesha kipande hicho hicho. Msomaji wa Uganda aliyewahi kuona mwenye kibanja na mwenye mailo wakivutana juu ya shamba moja atauelewa ugomvi huu bila kufafanuliwa sana.

Kinachoweza kukaguliwa

Upekuzi rasmi wa rejista hufanywa katika ofisi ya ardhi ya kaunti husika, au kupitia mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, aina ya umiliki, na kama kuna rehani au zuio. Mnunuzi afanye upekuzi wake mwenyewe kupitia wakili aliyemchagua mwenyewe, kwani nakala inayoletwa na muuzaji, hata ikiwa na muhuri, ni karatasi ya muuzaji. Mpima ardhi aliyesajiliwa naye anahitajika ili kulinganisha ramani ya rejista na mawe yaliyoko shambani. Mabasi ya bure yanayowapeleka wanunuzi kuona viwanja hayajawahi kubeba mpima wa upande wa pili.

Fedha zilipwe kwa akaunti iliyotajwa katika mkataba, na zisitolewe zote kabla ya uhamisho kusajiliwa. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa yake iandikwe. Na kwa asiye raia kuna kipimo kimoja kidogo ambacho hakigharimu chochote: kumuuliza dalali ushuru wa stempu ni asilimia ngapi. Kenya hutoza asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya nje ya miji. Dalali akijibu kwa furaha kwamba ni asilimia 2 tu, amekiri kwamba kiwanja kiko shamba, na swali linalofuata ni lini matumizi yake yalibadilishwa rasmi kutoka kilimo, na karatasi ya mabadiliko hayo iko wapi.